Maneno Uliyonipunguzia Makali

Mwanangu Zuhura,

Salamu sikuandikii. Mtu hamsalimii aliyelala nyuma yake, na wewe upo hapa kitandani, mguu mmoja nje ya blanketi kama kawaida yako, nimeufunika mpaka nimechoka. Begi lipo mlangoni. Teksi itatupitia kungali giza tuwahi basi mjini, na nikilala sasa sitaamka. Bora nikae na wewe kwa njia hii.

Najua Kiswahili chako ni cha masikio na mdomo. Kusoma unasoma Kiingereza, na Kizulu unacheza nacho kamba na wenzako uani. Mimi kuandika najua hiki kimoja tu, nilichofundishwa kule Tanga mpaka darasa la saba, na mwandiko wenyewe kama kuku kapita. Basi barua hii hutaisoma kesho wala keshokutwa. Iweke. Mama yako mdogo Pili atakukalisha akufundishe, na siku utakayoweza kuifungua ukaisoma mwenyewe toka juu mpaka chini, hiyo ndiyo siku niliyokuandikia. Usimpe mtu akusomee, hata kama ana haraka na wewe unasoma polepole.

Ya kupiga mswaki, ya kuvaa soksi, ya kutojibu wakubwa umeshika kiuno, hayo siyarudii. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaziba masikio. Nataka kukuambia jambo ambalo umelipata vipande vipande, tena kwa midomo ya watu wengine. Mimi mamako sijawahi kukaa chini nikakusimulia.

Unakumbuka nilipokuwa nafanya kazi hotelini Sandton, kule chini kwenye chumba cha kufulia. Ulikuja siku moja shule zimefungwa, ukakaa juu ya rundo la mashuka, ukasema hapa kunanuka mawingu. Sijui mawingu yananukaje, lakini niliwaambia wenzangu wote, na mpaka leo wakiniona mjini wananiuliza hali ya yule mtoto wa mawingu. Kazi ile niliipenda. Mshahara haukuwa mkubwa, ila siku yake ilijulikana, na mtu akijua siku ya pesa anaweza kupanga.

Nami nikapanga. Pale kwa Mama Shufaa, kwenye duka lake la kushona mjini, wanawake wa kwetu tulikuwa na mchezo. Kila mwezi kila mmoja anatoa, fungu lote anapewa mmoja, mwezi unaofuata mwingine, mpaka wote wapate. Safari hii nikaomba nipewe mkono wa kwanza. Bibi yako mvua ikinyesha alikuwa anahama na ndoo toka chumba hiki kwenda kile, makuti yameoza. Wenzangu wakakubali bila maneno. Nikapokea, nikatuma lote Tanga, nyumba ikaezekwa bati. Bibi akanitumia picha amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anacheka mpaka pengo linaonekana. Bati hilo ndilo utakalolala chini yake.

Sasa, aliyepokea wa kwanza kazi yake ni kuendelea kutoa mpaka wa mwisho naye apate. Na mimi mwezi wa pili haujaisha, hoteli ikaamua kazi ya kufua iende kwa kampuni ya nje yenye watu wake. Walituita ukumbini, wakatuwekea chai na keki, wakatuambia. Nilikula ile keki, Zuhura. Kiingereza cha bwana aliyetutangazia kilikuwa cha haraka, nikadhani tunapongezwa. Nilikuwa nakata kipande cha kukuletea wewe ndipo Mama Furaha, yule Mkongo tuliyekuwa tunapiga naye pasi, akanivuta kiwiko akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, wacha kukula. Banatufukuza."

Jumapili ile ile nilipaswa kwenda kwa wenzangu nikaseme: nimeachishwa kazi, nivumilieni. Maneno hayajai kiganja. Lakini huwajui wanawake wa kwetu wanavyomsema mtu aliyekula mchezo akakimbia. Yupo mmoja alihamia Cape Town kabla mimi sijafika nchi hii. Sura yake sijawahi kuiona, lakini viatu alivyovaa siku aliyoondoka navijua rangi. Nikaona na mimi nitakuwa wa kusimuliwa hivyo, pamoja na viatu. Nikanyamaza. Siku ya kutoa ilipofika nikajipaka wanja, nikaenda, nikatoa.

Pesa hizo nilizipata kwa MaNkosi. Hapa Alex tunapokaa kila mtaa una mashonisa wake, mkopeshaji asiyeuliza vyeti. Anachotaka kujua ni mlango wako uko wapi. Ukichukua mia unarudisha mia na hamsini, na ukichelewa ile hamsini nayo inazaa. Nikakopa kwake nikalipa mchezo. Mwezi uliofuata nikakopa tena, nyingine nikalipa mchezo, nyingine nikamrudishia yeye mwenyewe. Chakula tukawa tunachukua spaza, kile kiduka cha Abdi cha mtaani, anaandika. Gogo, yule bibi mwenye nyumba, nikamwambia kodi ni mwisho wa mwezi. Nikawa mtu wa mwisho wa mwezi kwa kila mtu. Asubuhi nauza maandazi pale teksi zinapopakia, na yalikuwa yanaisha, kweli, lakini faida ya maandazi inatembea kwa miguu na riba ya MaNkosi imepanda gari.

Kinachoniuma ni kwamba sikukopa kwa njaa. Njaa tungeisema, na watu wangetupa. Nilikopa ili nisijulikane. Nilichokuwa nanunua kwa MaNkosi ni Jumapili moja ya kukaa na wenzangu nikicheka kama jana, na mwezi ukiisha nanunua nyingine. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa nilipokuzaa, na watu walisema mtoto kazaa mtoto. Nilijiapiza hawataniona tena nimeshindwa. Ukijiapiza hivyo unakuwa mtumwa wa kila anayekutazama.

Sasa naja kwako.

Kizulu changu unakijua, ni cha kuuzia maandazi. Habari, bei, asante, basi. Kumwomba mtu aniongezee muda kwa Kizulu hicho nisingeweza, na MaNkosi Kiingereza hakipendi. Basi nikakuchukua wewe. Ulikuwa umetoka shule, sare mwilini, nikakushika mkono mpaka getini kwake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji. Nikakuambia, mwambie hivi na hivi. Ukamwambia. Akajibu kwa maneno marefu, uso umekunjwa, kidole kinapanda kinashuka. Ukamsikiliza mpaka mwisho, ukanigeukia ukasema, "Anasema pole, Mama. Anasema ujitahidi tu."

Nikakishangaa Kizulu, lugha kali kwa sauti na laini kwa maana. Wallahi nilifikiri hivyo. Mwezi ule wote tulikwenda na kurudi, yule mama anang'aka, wewe unaniletea pole. Nikamsifia kwa Mama Furaha, ambaye siku hizi anapigia watu pasi nyumbani kwake, nikamwambia mashonisa wangu ana huruma. Akacheka mpaka akaweka pasi chini. Akaniuliza, "Mashonisa wa huruma? Huyo ulimutoa wapi?"

Nikakutuma na kwa Gogo ukamwambie Mama katoka, nami nipo nyuma ya pazia nimebana pumzi. Nikakutuma kwa Abdi na uso wako mzuri, maana mtoto hanyimwi unga. Nilijiambia wewe ni mdogo, hayo yanapita kama maji juu ya jani la mgomba.

Siku ile niliyokuona, maandazi yalikuwa yameisha mapema na nilikuwa na furaha. Nikapita njia ya nyuma. Kwa mbali nikaona mtoto anaanika mashuka kwenye kamba ya MaNkosi, na jicho langu la kazi likatangulia. Nikasema moyoni, huyu kafundishwa. Analikung'uta shuka kwanza likapiga kelele, analaza pindo juu ya kamba kiganja kizima, kibanio kimoja anashikia pembe za mashuka mawili. Hivyo ndivyo bibi yako alivyonifundisha mimi. Nikatamani kujua mama yake nani.

Ndipo ukageuka kuchukua jingine.

MaNkosi akatoka ndani. Safari hii hapakuwa na wa kututafsiria, maana wewe ulikuwa umeinama unahesabu vibanio ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, nami nikaelewa kila neno, heri nisingeelewa. "Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma." Akaniambia ulikuja mwenyewe getini, peke yako. Ukamwambia: mama yangu amechoka, mimi nitafua kila nikitoka shule, wewe usiwatume vijana wako waje wachukue kitanda na jiko, na riba usiiongeze. Vijana gani, nikamuuliza. Akanitazama kama mtu anayetaniwa. Akasema, vijana niliokutajia kila ulipokuja hapa.

Nyumbani nikakuuliza mara ngapi alisema atachukua kitanda. Ukanijibu kwa Kiingereza, kama unavyofanya ukitaka kusema jambo la kweli. Ulisema, "Ulikuwa unalia usiku, Mama. Nikaona maneno mengine si lazima yakufikie."

Sikukugombeza wala sikukukumbatia. Nilikata kitunguu ambacho hatukuwa na cha kukipikia. Hilo nalijuta kuliko pesa zote. Ungekuwa umekumbatiwa dakika ile, labda siku hizi zote usingelala umenipa mgongo.

Nimelifikiri sana jambo hili. Kila neno kali la yule mama lilikuwa linapita kwako kabla ya kunifikia, na ukali wake ulikuwa haupotei, ulikuwa unabaki kwako. Mimi nilikuwa nalala, Zuhura, nikijua MaNkosi ana moyo mzuri. Wewe ulikuwa umelala pembeni yangu unajua habari za wale vijana. Deni nilidhani nalibeba mimi, kumbe upande mzito umeshika wewe, na wala hujafika shingoni mwangu kwa urefu.

Jumapili iliyofuata nikaenda kwa Mama Shufaa bila wanja. Nikasema yote mbele ya wote: hoteli, MaNkosi, Abdi, Gogo, na wewe kwenye kamba. Mama Shufaa alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja akazichoma kwenye mto wake, akasema, "Mwanahawa, ulidhani tunakutana hapa kwa ajili ya pesa? Hizi pesa za kununulia vitunguu?" Mwingine akadakia, kumbe na ule wanja wote ulikuwa wa mkopo. Wakacheka, nami nikacheka huku nalia, kamasi linanitoka. Wakapanga deni langu la mchezo nilitoe kidogo kidogo, hata kama ni kwa maandazi. Nilichokiogopa miezi yote ile kiliisha chai haijapoa.

Nakuambia hili ili ulijue mapema kuliko nilivyolijua mimi. Ukivunja chungu cha bibi, nenda kamwambie kingali vipande. Ukiacha mpaka kesho, utakwenda kuazima kingine cha jirani kukifichia.

Lakini Gogo, Abdi na MaNkosi hawamo kwenye mchezo wetu. Chumba hiki narudisha. Mimi nitalala dukani kwa Mama Shufaa, kati ya mafurushi ya vitambaa, asubuhi nikaange, mchana nimsaidie kupindia. Sakafu ile mtu mzima anaiweza. Mtoto wa shule haimfai, na mlango wenyewe unafungwa kwa nje na mlinzi. Nilipompigia bibi yako nikamweleza deni lilivyoanza, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ningekaa na makuti yangu, mwanangu." Halafu akasema, "Niletee mjukuu wangu." Kwa hiyo huko huendi na siri yoyote. Bibi anajua, Pili anajua. Ukitaka kulisema, liseme. Ukitaka kulisahau, lisahau.

Nilipokuambia utaondoka na dada yake Mama Shufaa anayekwenda harusini Tanga, hukulia. Ulisimama tu hapo mlangoni na begi lako la shule mgongoni ukaniuliza, "Nikiondoka, nani atakusemea?"

Tangu siku hiyo unanijibu ndiyo na hapana, na mimi najua kichwani mwako unaona mambo mawili: ama nakuadhibu kwa kunidanganya, ama unaniacha peke yangu mbele ya wale vijana. La kwanza si kweli. La pili, sikiliza nilichofanya.

Juzi nilikwenda kwa MaNkosi peke yangu. Maneno nilijifunza kwa kijana anayepakia teksi, njia nzima nayasema kama mwendawazimu, watu wananipisha. Nikasimama getini nikasema, "Ingane yami ayisasebenzi lapha. Ngizokhokha mina, kancane kancane." Mwanangu hafanyi kazi hapa tena. Nitalipa mimi, kidogo kidogo. Ile kancane inataka ulimi ulie kama mtu anayemsikitikia mwenzake, na wangu haukulia, ukatoa upepo. MaNkosi alicheka. Akanirudishia neno lenyewe, nikajaribu, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka, akanikaripia, na nilielewa kiasi, maana kidole kilikuwa kinapanda na kushuka. Sikuondoka. Alipomaliza nikasema tena yale yale. Akasema riba ataisimamisha nikimletea kila Ijumaa bila kutafutwa, na Ijumaa nitakayokosa tutajua. Si huruma, ni makubaliano. Nayaweza.

Nilirudi nikakusimulia. Uliuliza tu, "Ulisemaje?" Nikasema. Ukanisahihisha ulimi, ukanisahihisha tena, na kidogo tu pembe ya mdomo wako ikasogea. Halafu ukageukia ukutani. Nimeishi kwa hiyo pembe ya mdomo mpaka leo.

Tanga utapapenda na utapachukia. Watoto watakucheka Kiswahili chako, watakuita Mzulu, utarudishwa darasa. Utaona joto linavyokaa juu ya mtu kama paka. Utanisahau kidogo, hasa ukicheza, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi nitakukumbuka kwa mambo ya kijinga. Nitakuwa dukani nikisikia mtoto wa mtu anasema eish kwa ile sauti ya kuchoka kama mzee wa pensheni, nitageuka. Nitakaanga andazi la kwanza, lile linaloharibika sura, nitaliweka pembeni bila kufikiri, na hapatakuwa na wa kulila. Usiku sijui mkono wangu nitauweka wapi. Tangu uzaliwe umekuwa juu yako.

Utaniuliza nitakuja kukuchukua lini. Nimewaambia watu wengi mwisho wa mwezi. Wewe sitakuambia. Nikimaliza kwa Gogo na kwa Abdi nitakujulisha, nikimaliza kwa MaNkosi nitakujulisha, na mwenye duka la jirani na Mama Shufaa amesema huenda akahitaji mtu wa kupiga pasi. Huenda. Nina imani na hiyo huenda, zaidi ya nilivyokuwa na imani na mshahara. Lakini tarehe sina, na ambacho sina sikupi.

Ninalolitaka kwako ni moja, nalo gumu. Nitapiga simu, na utanijibu kwa ile sauti yako ya getini kwa MaNkosi. Utasema uko salama, umekula, kila mtu mwema. Usifanye hivyo. Kama umelia, sema umelia. Kama samaki wa bibi wamekushinda, kama Pili amekukasirisha, kama unanichukia siku hiyo, niambie kama lilivyo, na ukali wake wote. Mimi ni mtu mzima, nitalibeba, hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo siku uliyozaliwa wewe. Usinichagulie maneno ya kunifikia.

Na mimi sitakuchagulia. Ninaanza leo. Kesho utaniona nacheka pale kwenye basi, nakufunga kitambaa kichwani, nakuambia safari ni nzuri utaona twiga. Sivyo nilivyo.

Sitaki uende, Zuhura. Sitaki kabisa. Na nitakupandisha.

Mamako,
Mwanahawa